Majivu Kwenye Barafu ya Wanorwei

Nilitoka Tanga na meli ya mkonge. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa kwa vita, kwa hiyo tulielekea kusini na kuizunguka Afrika yote. Meli ilikuwa ya Wanorwei. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miezi minane ya ukarani bandarini, kazi niliyoiacha kwa sababu ya kiti tu: sikuweza kukikalia. Melini nilipewa kupaka grisi mashine na kusugua masufuria ya mpishi. Tulipofika Dakar nilikuwa najua kutukana kwa Kinorwei. Tulipovuka Ghuba ya Biskaya, meli ikilala ubavu huu na ule siku tatu mfululizo, nilikuwa najua pia kuomba radhi.

Nilishuka Göteborg, bandari ya Uswidi, na nguo zangu ndani ya gunia la mkonge, nikapanda treni kwenda Stockholm, kwa kuwa fundi mkuu wa meli aliniambia huko wanajenga nyumba nyingi kuliko watu wa kujenga. Ilikuwa Novemba. Saa tisa alasiri taa za barabarani zilikwisha washwa. Nilimuuliza mama mmoja njia, kwa lugha niliyokuwa nayo. Alinitazama, akanitazama tena, akacheka mpaka akashika nguzo. Mwafrika aliyevaa koti la mpishi wa meli, anaongea kama mvuvi wa Norwei ya magharibi! Msimamizi wa ujenzi niliyemwomba kazi naye alicheka, akanionyesha mabanda ya maseremala nje ya mji: "Nenda kwa Wanorwei wenzako."

Alifanya mzaha. Mimi nilikwenda.

Mabanda yale yalikuwa kusini, karibu na mahali ambapo leo ni mtaa wa Alby. Wakati huo palikuwa msitu, mawe na matope yaliyokanyagwa na matrekta. Maseremala wa Kinorwei walikuwa kama thelathini, na nyuma ya mabanda walikuwa na kiwanja cha changarawe kilichozungushiwa ukuta mfupi wa mbao. Wakati wa kiangazi hakikuwa na kazi. Wakati wa baridi kilimwagiwa maji, kikawa uwanja wa hoki ya barafu, na hapo ndipo walipoishi kwa kweli.

Kiongozi wao alikuwa seremala wa miaka kama sitini, aliyepungukiwa vidole viwili mkono wa kushoto. Wao walimwita kwa jina lake la kwanza, hata vijana. Mimi ulimi ulikataa, nikamwita Mzee. Aliuliza maana yake, akaipenda, na kabla ya Krismasi timu nzima ilikuwa inamwita Mzee.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari za klabu. Ilianzishwa na maseremala sita waliokuwa wakicheza kwa magongo waliyoyachonga wenyewe. Walitaka mashati mekundu kama bendera ya kwao, wakayachemsha na rangi kwenye sufuria la kufulia, yakatoka rangi ya waridi. Hapakuwa na mashati mengine. Msimu wa kwanza walifungwa mechi zote, na watazamaji wa Kiswidi wakawarushia maua ya karatasi. Msimu wa tatu walipanda daraja, bado wamevaa waridi. Miaka mitano baadaye wakapanda tena. Tangu hapo, alisema Mzee, wanaoona rangi ile hawarushi maua.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa kubeba mbao. Ya barafu nilijitafutia mwenyewe. Niliwaona wakimwaga maji kwa mpira kama wanaozima moto, barafu ikashika kwa mabonge. Mimi ni mtu wa Upare. Nimekulia kando ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mlimani, na baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kulifungulia. Najua maji yanavyotaka kwenda. Nilimwambia Mzee anipe pipa, sleji ya kulikokota juu ya barafu na bomba lenye matundu. Nyuma ya bomba nilifunga lile gunia langu liburutwe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, ili yashikane na barafu ya chini. Yalitoka kidogo kidogo, gunia likayasambaza, nikasubiri yagande, nikapita tena. Barafu ile ilipakwa kama samli kwenye chapati, kila alfajiri na kila jioni. Baada ya wiki mbili kipa wetu, fundi paa mwenye mdomo mchafu kuliko wote, aliteleza kutoka lango hadi lango, akarudi, akasema, "Shetani mkubwa. Huyu haondoki hapa."

Wakanipa chumba cha nyuma katika kibanda cha klabu, chenye jiko la kuni. Nilikaa humo misimu kadhaa. Kwangu mimi, ambaye sijawahi kukaa popote, hilo lilikuwa jambo kubwa. Sikuwa na anwani nyingine duniani.

Msimu ninaotaka kuueleza ulikuwa mbaya. Kule Norwei walikuwa wamepata mafuta baharini, na kila mwezi seremala mmoja au wawili walifunga sanduku wakarudi kwao. Timu ikapungua nguvu. Ilipofika Machi tulibakiwa na mechi moja, nyumbani, siku ya Jumapili adhuhuri. Sare ingetutosha kubaki darajani. Tukifungwa tunashuka, na kushuka kulikuwa kufa, kwa sababu kiwanja chetu kilikwisha pigwa vigingi vya kujengwa magorofa. Halmashauri ilikuwa imejenga uwanja mpya wenye mabomba ya baridi chini yake, na saa za kuutumia zingegawiwa klabu za daraja letu kwenda juu. Za chini zingejitegemea. Na kama barafu yetu isingefaa siku hiyo, ushindi ungekuwa wa wageni moja kwa moja. Jua la Machi lilikuwa limeanza kupata meno, na siku nyingine ya mechi isingepatikana.

"Nipe barafu Jumapili moja tu," Mzee aliniambia. "Moja tu, mwanangu."

Sasa, mechi iliyotangulia, mke wa Mzee alikuwa ameteleza kwenye njia ya kutoka kibandani kwenda uwanjani, akavunjika mkono. Njia ile ilikuwa kioo. Mchanga ulikuwepo tele kule kwenye ujenzi, lakini kila mtu wa hoki anajua kwamba mchanga ukifika uwanjani unaua makali ya viatu, maana chini ya kila kiatu cha barafu pana kisu. Ijumaa alasiri nikafikiri kama mtu wa kwetu. Masika yakileta utelezi mlangoni, mama yangu alikuwa akimwaga majivu ya jikoni, mgeni asije akaanguka mbele ya nyumba yetu. Majivu ni laini. Hayakwaruzi kisu. Nilichukua ndoo mbili za majivu ya jiko langu, nikayatandaza njia nzima hadi kwenye mlango wa uwanja, nikaridhika na akili yangu.

Usiku upepo ukavuma. Sikuufikiria. Jumamosi nilishinda kazini, jua likiwaka kutwa, na niliporudi giza lilikuwa linaingia. Nikavuta pipa langu kama kawaida, nikapaka tabaka moja, nikalala.

Jumapili jua lilipochomoza niliona madoa. Yalikuwa meusi, madogo, mengi zaidi mbele ya lango la upande wa kibanda. Nilipiga goti, nikabonyeza doa moja kwa kidole gumba. Kilizama hadi kiganjani.

Majivu yalikuwa yamerushwa na upepo yakatua kwenye barafu. Kitu cheusi hunywa jua. Kila punje ilikuwa imejichimbia shimo lake Jumamosi kutwa, na tabaka langu la jioni lilikuwa limeyaziba yote juu juu, jembamba kama ganda la yai. Mtu akitazama kwa juu angeona uwanja laini kabisa.

Kipa alikuwa wa kwanza kufika. Nilimwonyesha.

Alilitazama lile shimo, akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yetu. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi hakuna anayejua. Funga mdomo."

"Mtu akikanyaga hapa kwa kasi..."

"Wakati wa mechi labda atakanyaga, labda hatakanyaga. Ukisema sasa, hakuna mechi. Hakuna mechi, hakuna klabu. Hakuna klabu, wewe unalala wapi kesho?" Alichota theluji kwa mkono, akaisugua juu ya shimo, akasimama. "Sijaona kitu."

Nami nikafunga mdomo. Nasema hivi ili nisijisifu kwa yaliyofuata. Kwa saa tatu nzima nilizunguka na pipa langu, nikijifanya nina kazi.

Watu wakaja. Alikuja rafiki yangu Mkenya, aliyemwoa nesi wa Kiswidi na kuishi Jakobsberg. Alivuka mji mzima kila Jumapili ili kuwacheka wazungu wanaogombea kisahani cha mpira, maana ndicho wanachopiga, kisahani cheusi kigumu. Akaniona uso.

"Wewe jamaa, mbona uko kama mtu amemeza funguo?"

Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Hakucheka mara moja. Halafu akashindwa. "Nyinyi Watanzania na ustaarabu wenu! Sasa ustaarabu umetoboa uwanja." Kisha akaacha kucheka. "Lakini bwana, utasema ama hutasema?"

"Sijui."

Refa alifika, Mswidi mwembamba mwenye saa kubwa ya mkononi. Alizunguka uwanja mara mbili, akigonga hapa na pale kwa kisigino cha kiatu. Hakugonga mbele ya lango lile. Akaja ukutani. "Nani ametengeneza barafu hii? Sijapata kuona laini hivi mwezi wa Machi."

Mzee akaweka mkono wake wa vidole vitatu begani kwangu. Sikuwahi kumwona amejaa fahari namna ile. Wakati huo huo mke wake akawa anakuja polepole kwenye ile njia, mkono umefungwa plasta kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. Akaniita kwa mbali, "Leo nimetembea kama niko kanisani! Asante, mwanangu!"

Niliitazama ile plasta. Yeye alikuwa akitembea tu. Hawa wengine walikuwa wanakuja kupita pale kwa mwendo wa farasi, na visu miguuni.

"Kuna mashimo," nikasema. "Mbele ya lango lile. Nimeyaziba juu juu. Majivu ni yangu."

Mkono wa Mzee ukaondoka begani. Kipa alitema chini. Refa akarudi, akagonga kwa ncha ya gongo, na gongo likazama.

Kocha wa wageni, mtu mnene mwenye kofia ya manyoya, alipiga makofi. "Basi! Pointi zetu. Kahawa iko wapi?"

"Ungeniambia mimi kwanza," Mzee alisema. Hakunitazama. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenipiga.

Refa aliangalia saa yake. "Nusu saa. Halafu ninapita tena kwa gongo. Likizama hata mara moja, mechi ni ya wageni."

Niliruka ukuta. Nilivunja maganda yote kwa nyundo, nikakwangua majivu kwa kijiko cha chai, nikajaza theluji niliyoilowesha, nikaishindilia kwa ngumi kama tunavyoziba mfereji unaovuja, kwa mikono mitupu maana glavu hazijui pale palipo na upenyo. Maseremala walileta theluji kwa makarai. Waliimwaga kando yangu, wakageuka kuchota nyingine. Dakika kumi zikapita. Shimo la kwanza nililoziba nililigusa: uji. La pili: uji. Hewa ilikuwa baridi ya kutosha, lakini jua lilikuwa juu yetu, likishuka moja kwa moja kwenye viraka.

"Kivuli!" Mkenya alipaza sauti kutoka ukutani. "Jua ndilo linakumaliza, bwana! Weka kivuli!"

Kabla sijajibu alikuwa ameingia uwanjani na viatu vyake vya Jumapili, akiteleza kama ndama, amevua koti lake refu. Akasimama kati ya jua na viraka, koti amelitanua kwa mikono miwili. Kilikuwa kivuli cha mtu mmoja. Kilifunika viraka vitatu.

Mke wa Mzee akaelewa kabla ya wengine. Alikuja na blanketi la miguuni, upande mmoja ameushika kwa mkono mzima, upande wa pili ameuuma kwa meno. Halafu wake wa maseremala. Halafu maseremala wenyewe na mashati yao ya waridi. Walisimama mstari mzima, migongo juani, wametanua makoti, mablanketi na bendera ya klabu. Nami nilikuwa magotini chini yao, gizani, nikipaka maji ya baridi kwa gunia.

"Pale pana upenyo," mtu alisema juu yangu. Lilikuwa shati la buluu, kipa wa wageni.

Kocha wake alifoka, "Wewe! Unamsaidia nani?"

"Kipindi cha pili mimi ndiye nasimama kwenye lango hili," yule kipa alijibu. "Leta koti lako. Ni kubwa."

Watu walicheka, hata wa kwao. Kocha hakuleta koti. Lakini wachezaji wake wanne walikuja, na hakuwazuia.

Refa alipita na gongo. Tok. Tok. Tok. Kila mlio niliusikia kwenye meno yangu. Alirudia mbele ya lango, mara ya tatu, akaegemeza uzito wake wote juu ya gongo. Likakaa.

"Chezeni," akasema.

Watu huniuliza mechi ilikuwaje. Sikuiona. Niliangalia viraka. Najua kwamba tulitangulia kufunga kwa sababu kelele ilikuwa ya kwetu, na kwamba walirudisha kwa sababu Mkenya alisema "Ai!" Kipindi cha pili walifunga tena, nikasikia kimya. Cha tatu, maana hoki ina vipindi vitatu, karibu na mwisho, mtu aliniangukia mgongoni akinikumbatia, akinuka kahawa na tumbaku, kwa hiyo nikajua ni mbili kwa mbili. Timu zilikuwa zimebadilishana tena magoli, na kipa wetu alikuwa amerudi kwenye lango lile lile alikonionya asubuhi.

Dakika ya mwisho kiraka kimoja kilivunjika. Nilikiona kikimomonyoka ukingoni, shimo la upana wa sahani, hatua tatu mbele ya lango. Na mshambuliaji wao mkubwa alikuwa anakuja peke yake, mabeki wote nyuma yake, njia yake imenyooka juu ya shimo. Nilipiga kelele. Sijui kwa lugha gani.

Lakini alikuwa mmoja wa wale wanne. Alikuwa amesimama juu ya kiraka kile kile na koti lake. Alijua pale pana nini. Akainua mguu, akakwepa kushoto, na katika kukwepa kisahani kikamtangulia kwa urefu wa gongo moja. Kipa wetu alikilalia.

Filimbi ikalia.

Watu walirukia uwanjani. Kipa wetu alinipita akiwa amevua kofia ya chuma, jasho linamtiririka. "Usinitazame hivyo," alisema. "Bado nasema ungefunga mdomo."

Mzee alinijia jioni, uwanja ukiwa umebaki maji matupu, viraka vinaelea. Alikaa juu ya pipa langu. Alisema tu, "Kama ungenyamaza leo, kesho yake ungeniambia?"

"Sijui, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani jibu lingine lolote asingeliamini.

Kwa hiyo klabu ilibaki darajani, ikapewa saa zake kwenye uwanja mpya. Kiangazi kile kibanda kilivunjwa, na chumba changu nacho. Nilihamia mtaa wa Norsborg, gorofa ya sita, chumba kimoja chenye rangi nyeupe kila upande. Msimu ulipoanza nilibeba gunia langu hadi kule uwanjani. Mlinzi alinisimamisha kwa upole. Palikuwa na trekta, akasema, lenye kisu mbele na maji nyuma, na dereva wake mwenye leseni. Nilisimama nyuma ya mbao na kulitazama likizunguka. Dakika kumi na mbili, kazi imekwisha.

Mzee alinipa kazi ya kukusanya mashati na kuyafua. Niliifanya majira mawili ya baridi. Mashati ya waridi yalipungua. Mafuta ya Norwei yaliendelea kuwaita watu, na waliochukua nafasi zao walikuwa Waswidi na Wafini wasiojua kwa nini tumevaa rangi ile. Timu ilikuwa salama. Ilishika nafasi ya katikati na kukaa hapo. Mimi nilianza tena kuhisi kiti chini yangu, kama kule ukarani.

Siku niliyoondoka moja kwa moja ilikuwa Machi pia. Treni yangu ya kwenda bandarini Göteborg ilikuwa mchana. Asubuhi Mzee aliniambia nipite uwanjani, na alikuwa amemwomba dereva wa trekta asubiri. Tuliingia kwenye barafu sisi wawili na viatu vya kawaida, tukitembea hatua fupi fupi kama watu wa plasta. Nilipiga goti, nikaweka kiganja. Ilikuwa ngumu, sawa kila mahali, kutoka lango hadi lango.

"Barafu nzuri," nilisema.

"Nzuri sana," alisema Mzee. "Hairuhusu hata kosa."

Nikamwachia gunia. Sikujua nimpe nini kingine. Alilikunja mara nne, akaliweka kwapani, akasema limeingia chawa wa melini bila shaka, na mke wake atapiga kelele. Dereva aliwasha trekta. Tukatoka uwanjani kumpisha, na kutoka mlangoni nilikwenda moja kwa moja kituoni.